Hamu ya Sigara Ina Saa Yake

Ziwa Tanganyika lilipofungwa tarehe 15 Mei 2024, sisi wavuvi wa dagaa tulipandisha vyombo nchi kavu, tukakunja nyavu, tukarudi majumbani. Nchi nne zinazolizunguka ziwa hili, yaani Tanzania, Burundi, Kongo na Zambia, zilikuwa zimekubaliana lipumzishwe miezi mitatu, hadi tarehe 15 Agosti, ili samaki wazaliane. Kila mmoja wetu aliwaza fedha ya chakula itatoka wapi. Mimi niliwaza hilo, na juu yake nikaongeza jingine: kwa kuwa sitaingia ziwani miezi yote hiyo, niache sigara.

Ninaishi Katubuka, hapa Kigoma Ujiji, na kazi yangu iko Kibirizi. Nilianza kuvuta ujanani, nilipoanza kwenda ziwani, kwa sababu ile ile iliyowaanzisha wenzangu wengi: usingizi na baridi. Dagaa huvuliwa usiku wa giza. Mwezi ukiwa mkubwa taa haziwavuti, nasi hupumzika. Giza likirudi tunatoka jua likizama, tunawasha taa, halafu tunasubiri. Zamani zilikuwa karabai, siku hizi ni taa za betri zinazochajiwa kwa sola, lakini kusubiri ni kule kule. Unakaa saa nyingi macho kwenye maji, na hapo ndipo fegi huzunguka mkono kwa mkono mpaka pakiti iishe.

Maneno haya nayaandika kwa ajili ya mtu ambaye tayari ameacha. Kuhusu kuacha tumeambiwa mengi, zahanati, misikitini na redioni. Kuhusu mwezi wa pili na wa tano baada ya kuacha tunaambiwa machache, wakati ari ya mwanzo imeshapoa na hamu bado inabisha hodi. Nilichojifunza, na ninachokiamini kabisa, ni kwamba hamu ya sigara haiji ovyo. Ina saa yake na mahali pake. Ukiijua ratiba yake, itakukuta umeshajipanga.

Kinachotokea mwilini

Unapovuta moshi, nikotini iliyomo kwenye tumbaku hufika kwenye ubongo ndani ya sekunde 10 hadi 20. Huko huchochea kemikali iitwayo dopamini, na mtu hujisikia raha na utulivu. Baada ya kama saa mbili, nusu ya nikotini ile imeshatoka kwenye damu, na mwili huanza kudai nyingine. Ndiyo maana mvutaji husema sigara inamtuliza. Mara nyingi kinachotulizwa ni wasiwasi ulioletwa na kuisha kwa sigara iliyotangulia.

Ukiacha, arosto inakushika. Unakuwa mwepesi wa hasira, usingizi unakata, akili haitulii kwenye jambo moja, unasikia njaa kila mara, na wengine hupatwa na huzuni isiyo na sababu. Siku tatu za kwanza ndizo kali zaidi. Kisha hali hupungua kidogo kidogo, na kwa watu wengi huisha ndani ya wiki mbili hadi nne. Ubongo wa mvutaji huwa na vipokezi vya nikotini kupita kiasi cha kawaida, na wataalamu waliovipima wameona kuwa hurudi kwenye kiwango chake baada ya wiki kadhaa bila sigara. Kwa hiyo arosto ya mwili ina mwisho, na mwisho wenyewe hauko mbali.

Inayobaki baada ya hapo ni hamu ya mazoea. Kama taa inavyowavuta dagaa kutoka kilindini, ndivyo harufu ya kahawa, mlio wa kiberiti au saa fulani ya usiku inavyoiibua hamu uliyodhani imekwisha. Hii inaweza kuja hata baada ya miezi mingi. Lakini kila inapokuja, hata ikiwa kali namna gani, kwa kawaida hudumu dakika chache tu: tatu, tano, mara chache ikafika kumi. Haiendelei kupanda mpaka uvute. Usipovuta, inashuka yenyewe.

Ratiba kwenye daftari

Wiki ya kwanza nilimwomba binti yangu daftari moja la shule. Kila hamu iliponijia niliandika saa, mahali nilipo na ninayekaa naye. Kurasa zilipojaa niliona mambo ambayo nilikuwa siyajui kuhusu mimi mwenyewe. Hamu ya asubuhi ilinikuta nikishika kikombe cha chai. Ya mchana ilifika nikishamaliza kula, kabla sijanawa. Ya jioni ilikuwa kijiweni. Nyingine ilikuja nikitoka kuzungumza kwa simu na tajiri wa chombo kuhusu madeni, na nyingine, jambo lililonishangaza, ilikuja nikipata fedha na kufurahi.

Kila saa niliyoiandika nikaitafutia kazi. Nikimaliza kula, nilisimama papo hapo, nikanawa na kupiga mswaki, maana mdomo safi hautaki moshi. Asubuhi nilibadili njia ya kutokea nyumbani ili nisipite kwenye kibanda nilikokuwa nikiuziwa sigara moja moja. Baada ya simu za madeni nilikwenda kuteka maji, na ndoo mbili zilitosha kunipeleka mpaka hamu ikapita. Mfukoni, mahali palipokuwa pa pakiti, niliweka karanga, na siku nyingine vipande vya tangawizi au muwa uliokatwakatwa. Mkono na mdomo uliozoea kazi fulani kwa miaka mingi ni lazima upewe kazi nyingine.

Washauri wa afya wana mambo manne wanayowafundisha walioacha, na niliyajaribu yote. La kwanza ni kusubiri: jiambie utangoja dakika kumi kabla ya kuamua lolote. La pili ni kuvuta pumzi ndefu, polepole, mara kadhaa. La tatu ni kunywa maji, funda kwa funda. La nne ni kufanya jambo jingine, hasa la kuusogeza mwili. Mambo haya ni madogo, na mtu anaweza kuyadharau. Yanafaa kwa sababu yanajaza zile dakika chache ambazo hamu inazihitaji ili ikushinde.

Kahawa ya Ujiji

Kahawa nitaizungumzia peke yake, kwa sababu kwetu kahawa na sigara ni ndugu. Nenda Ujiji jioni yoyote, utawakuta wazee barazani, muuza kahawa na birika lake juu ya makaa, vikombe vidogo vikipita mkono hadi mkono. Katika wiki zile za mwanzo niliona nikinywa vikombe nilivyozoea, mikono inatetemeka, moyo unakwenda mbio na usiku silali. Nilidhani ni arosto. Mganga mmoja wa zahanati ndiye aliyenieleza sababu.

Moshi wa tumbaku hulifanya ini liivunje kafeini, yaani kile kichangamsho kilichomo kwenye kahawa na chai, kwa kasi kuliko kawaida. Mvutaji anakunywa nyingi na haimsumbui, kwa kuwa mwili unaiondoa upesi. Akiacha sigara, ini linarudi kwenye mwendo wake, na kahawa ile ile inakaa mwilini muda mrefu zaidi. Kikombe chako cha jana leo kinakuwa kama viwili. Wapo wanaorudi kwenye sigara wakiamini mwili umeshindwa, kumbe wamezidisha kahawa. Nilipunguza vikombe kwa nusu, na kahawa ya usiku nikaikata kabisa. Usingizi ulirudi.

Barazani pale mzee mmoja aliniambia, "Mwanangu, tumbaku ni jadi ya hapa, babu zetu walikuwa nayo." Kweli, walikuwa nayo. Richard Burton, Mwingereza aliyefika Ujiji mwanzoni mwa mwaka 1858, aliandika kwamba watu wa hapa walibeba tumbaku kwenye chungu kidogo, wakaitia maji, wakayavuta maji yale puani, kisha wakabana pua kwa kibano ili yasimwagike. Nilimjibu mzee kwa heshima: "Shikamoo mzee wangu, hata hiyo iliachwa. Leo hakuna anayetembea na kibano cha pua Ujiji nzima." Tumbaku yenyewe asili yake ni bara la Amerika, na ililetwa Afrika na wafanyabiashara kwa njia ya bahari. Sasa inalimwa kwa jirani zetu, Urambo na Kaliua, na garimoshi la Kigoma hupita huko huko. Mazoea yaliyokuja yanaweza kuondoka, na watu wakabaki na baraza lao, kahawa yao na mazungumzo yao.

Funzo la mwezi wa Ramadhani

Wavutaji wengi wa Ujiji na Kigoma wanafunga Ramadhani. Kuanzia alfajiri hadi magharibi, zaidi ya saa kumi na tatu, hawagusi sigara. Mchana wanafanya kazi, wanabeba mizigo sokoni, na hakuna aliyekufa kwa arosto. Adhana ya magharibi ikisikika, wengine hutangulia kuwasha sigara kabla hata ya tende kufika tumboni.

Nimelifikiria sana jambo hili. Mchana hamu ni nyepesi kwa sababu mlango umefungwa, na moyo unajua umefungwa. Jioni inakuwa nzito kwa sababu ruhusa imekaribia. Ndivyo ilivyo pia kwa aliyeacha. Anayejiambia "nitavuta moja ya jioni tu" anajitengenezea magharibi ya kuisubiri kila siku, na hamu inamtesa kutwa nzima. Anayejiambia "leo sivuti kabisa" anateseka kidogo zaidi mwanzoni, kisha anatulia. Niliamua kuhesabu siku moja moja: leo, basi. Ya kesho nitaiamua kesho baada ya sala ya alfajiri.

Kinachoilisha ari

Hofu inaweza kumfanya mtu aache. Shirika la Afya Duniani linasema tumbaku inaua zaidi ya watu milioni 7 kila mwaka, na ukiisikia hesabu hiyo unashtuka. Ila hofu huzoeleka. Baada ya wiki chache nilihitaji sababu ninayoweza kuiona kila siku nikiwa Katubuka, na nilipata tatu.

Ya kwanza ni fedha. Tuseme sigara moja ni shilingi 200 na mtu anavuta kumi kwa siku. Hizo ni shilingi 2,000 kwa siku, 60,000 kwa mwezi, 730,000 kwa mwaka. Bima ya afya ya CHF iliyoboreshwa ilikuwa shilingi 30,000 kwa mwaka kwa kaya ya watu sita, yaani sigara za siku kumi na tano tu. Niliweka kopo la kuhifadhia fedha mahali ambapo watoto wanaliona, na kila jioni nikatia fedha ya sigara ambazo sikuvuta. Kipindi kile ziwa limefungwa na mkono ni mtupu, sikuwa na cha kutia kila siku. Siku niliyokuwa nacho nilitia mbele yao.

Ya pili ni pumzi. Dakika 20 baada ya sigara ya mwisho, mapigo ya moyo huanza kushuka. Baada ya saa 12 hewa ya sumu ya kaboni monoksidi kwenye damu hurudi kiwango cha kawaida. Kati ya wiki 2 na 12 damu huzunguka vizuri zaidi na mapafu hupata nguvu. Baada ya mwaka mmoja hatari ya ugonjwa wa mishipa ya moyo inakuwa nusu ya ile ya anayeendelea kuvuta. Mimi niliyapima haya kwa mlima wa kutoka ziwani kurudi nyumbani. Nilianza kuupanda huku nikiongea.

Ya tatu ni maneno ya nyumbani. Jioni moja mke wangu alinusa shati langu akasema, "Baba watoto, unanuka sabuni." Mwanangu mdogo, aliyekuwa akigeuza uso nikimbeba, akaanza kulala kifuani mwangu. Maneno na mambo kama haya yana nguvu kuliko bango lolote. Ukiwa na mtu aliyeacha nyumbani mwako, mwambie unachokiona. Usingoje amalize mwaka.

Usiku wa kwanza chini ya taa

Tarehe 15 Agosti ikafika, ziwa likafunguliwa. Ari niliyoijenga nchi kavu sasa ilikuwa inakwenda kujaribiwa mahali pale pale sigara ilipozaliwa. Nilijua saa yake: katikati ya usiku, taa zimeshawashwa, wavu haujashushwa.

Nilijiandaa kabla. Mchana wa siku ya kwanza ya giza nilimfuata nahodha, mzee aliyenifundisha kazi, nikamwambia, "Mzee, nimeacha. Naomba usiku huu nisipewe fegi, hata nikiomba." Alinitazama, akasema, "Kaa mbele, upepo utokako. Vijana nitaongea nao mimi." Nilibeba chupa ya chai ya tangawizi, karanga, mswaki wa mti, na wavu mdogo uliochanika pamoja na sindano yake. Saa ilipofika, hamu ilikuja kama nilivyoitarajia. Niliushika wavu nikaushona tundu baada ya tundu. Kijana mmoja aliwasha sigara upande wa nyuma, karibu na dumu la petroli la mashine, na nahodha akamkemea kwa ajili ya petroli. Nilikunywa chai, nikashona. Wito wa kushusha wavu ulipotoka, hamu ilikuwa imeshapita.

Giza lile lilifuatwa na mengine, na kila moja likawa jepesi kuliko lililotangulia. Usiku wa ziwani ukapata kumbukumbu mpya: wavu, tangawizi, mazungumzo na mzee. Mazoea hufutwa kwa kuyarudia mahali pake bila sigara, mara nyingi, mpaka ubongo uzoee.

Ukijikwaa

Mwenzangu mmoja aliyeacha karibu na wakati wangu alivuta kwenye msiba. Kwenye matanga wanaume hukesha nje chini ya turubai, huzuni imejaa, na sigara zinapita. Asubuhi alinijia kichwa chini, akasema yote yameharibika. Nilimwambia yale ambayo wataalamu wote wanayasisitiza: pafu moja halikurudishi ulikotoka. Kinachomrudisha mtu ni kusema "nimeshashindwa" na kununua pakiti. Tuliandika kwenye daftari lake: usiku wa msiba. Msiba uliofuata alikaa karibu na wanaochemsha chai na kugawa vikombe, na mikono yake ikawa na kazi.

Mtu akijaribu bila msaada wowote, majaribio yanayofanikiwa ni kama 4 kati ya 100, kwa hesabu ya Shirika la Afya Duniani. Maana yake ni kwamba kuomba msaada ni akili, na anayejaribu tena hana cha kuaibikia. Dawa zipo. Bazoka za nikotini na plasta zake ziliingizwa kwenye orodha ya dawa muhimu ya shirika hilo mwaka 2009, na vidonge vya bupropioni na vareniklini vikaongezwa mwaka 2021. Muulize mganga wa zahanati, mfamasia, au, kwa walio Kigoma, nenda Hospitali ya Maweni uulize kinachopatikana na kinachokufaa. Usihamie kwenye ugoro wala kuberi. Humo pia mna nikotini, na utakuwa umebadili mlango wa kuingilia tu.

Jambo moja la kuangalia ni kikohozi. Mtu akiacha anaweza kukohoa zaidi kwa muda, kwa sababu vinyweleo vinavyosafisha njia ya hewa vimeanza kazi tena. Lakini kikohozi kikifika wiki mbili, nenda ukapimwe kifua kikuu. Wavutaji wako kwenye hatari kubwa zaidi ya ugonjwa huo, na vipimo na dawa zake hutolewa bure kwenye vituo vya serikali.

Kwa anayedhani amechelewa, kuna utafiti nitakaomkumbusha. Mwaka 1951 Richard Doll na Bradford Hill walianza kuwafuatilia madaktari wa Uingereza, zaidi ya wanaume 34,000. Doll mwenyewe alikuwa mvutaji, na aliacha alipoyaona matokeo ya utafiti wao wa awali. Matokeo ya miaka 50 ya madaktari wale yalitolewa mwaka 2004. Waliovuta maisha yao yote walikufa mapema kwa wastani wa miaka 10. Walioacha wakiwa na miaka 60 waliokoa kama miaka 3, wenye 50 waliokoa 6, wenye 40 waliokoa 9. Nahodha wangu ana zaidi ya sitini, nami nimemsomea hesabu hiyo. Ameniomba daftari.

Na wewe uliyeacha wiki hii, chukua daftari leo kabla hujalala. Andika saa tatu za hatari za kesho, na kando ya kila moja andika utakachokuwa unakifanya saa hiyo. Kisha mwonyeshe mtu mmoja wa nyumbani kwako, mwambie akuulize kesho jioni.